Ametoka Kwenye Bendi. Je, Ametutoka na Sisi?

Kijana mwenzangu, leo tuzungumze jambo ambalo ukilitazama juu juu utasema ni la starehe tu, halistahili makala. Mwimbaji unayempenda alikuwa kwenye bendi. Bendi imevunjika. Sasa ametoa nyimbo zake peke yake, umezisubiri kwa hamu, umeweka spika za masikioni, na kabla wimbo wa pili haujaisha kuna kitu ndani yako kinasema: huyu siye. Na hukasiriki kidogo! Unakasirika kama vile kaka yako amehama nyumbani usiku bila kuaga.

Hasira hiyo inatoka wapi? Na una haki nayo?

Nimechagua kisa kimoja cha Uingereza, cha zamani kidogo, kwa sababu kimekaa miaka mingi kiasi kwamba tunaweza kuona matawi yake. Ni kisa cha Morrissey na mashabiki wake. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa kilipoanza, kwa hiyo vumilia nikueleze kwanza.

Mwaka 1982, mjini Manchester, kijana mmoja aliyekuwa hana kazi ya maana, anasoma vitabu na kuandika chumbani kwake, alikutana na mpiga gitaa wa miaka 18 aitwaye Johnny Marr. Wote wawili walikuwa watoto wa wahamiaji Wakatoliki kutoka Ayalandi. Wakaanzisha bendi, wakaiita The Smiths, wakiwa na Andy Rourke kwenye gitaa la besi na Mike Joyce kwenye ngoma. Morrissey aliandika maneno na kuimba, Marr alitunga muziki. Walirekodi na lebo ndogo ya London iitwayo Rough Trade, na muziki wa namna hiyo, wa lebo zinazojitegemea zisizomilikiwa na makampuni makubwa, ndio ulioitwa indi. Baadaye neno hilo likawa jina la mtindo wenyewe, hata kwa wale waliosaini na makampuni makubwa, lakini hiyo ni habari nyingine.

Sasa elewa kwa nini walipendwa vile. Ilikuwa miaka ya vinanda vya umeme, nywele zilizotunishwa na nguo za kumetameta. Huyu akapanda jukwaani na maua ya gladiola yamening'inia mfukoni mwa suruali, na kwenye televisheni akatokea amevaa kifaa cha kusaidia kusikia. Akaimba habari za aibu, upweke, kutopendwa na kutojua ufanye nini na maisha yako siku ya Jumapili. Kijana aliyekuwa amejifungia chumbani, aliyedhani ni yeye peke yake duniani mwenye kujisikia hivyo, akasikia mtu anamsema yeye. Yaani si kwamba alipenda wimbo tu. Alijiona ametambuliwa.

Shika hilo neno, kutambuliwa, tutalirudia.

Kati ya 1984 na 1987 walitoa albamu nne. Kabla ya ile ya nne kuingia madukani, mnamo Septemba 1987, Marr alikuwa ameshaondoka na bendi imekwisha. Mashabiki walinunua albamu mpya ya bendi ambayo haipo tena. Kisha, Februari 1988, yaani hata nusu mwaka haujapita, Morrissey akatoa wimbo wake wa kwanza peke yake, Suedehead, na Machi ikafuata albamu aliyoipa jina Viva Hate, ambalo ukitaka kulifasiri utasema Idumu Chuki. Watu wengi waliona ni jina lenye kuzungumzia talaka ile ya bendi.

Hapa pana jambo la ajabu kidogo. Kwa hesabu za madukani alifanikiwa kuliko mwanzo. Suedehead ilifika nafasi ya 5 kwenye chati za Uingereza, na hakuna wimbo wa The Smiths uliowahi kupita nafasi ya 10 wakati bendi ikiwa hai. Albamu ikafika namba 1. Sauti ni ile ile, na mwandishi wa maneno ni yule yule. Hata Stephen Street, aliyetunga muziki wa albamu hiyo pamoja naye na kuitayarisha, alikuwa mtu aliyeshiriki kutayarisha albamu ya mwisho ya The Smiths. Gitaa lilipigwa na Vini Reilly, mpigaji hodari wa hapo hapo Manchester. Ungetegemea mashabiki waseme asante, kumbe tumenusurika. Wengine walisema hivyo. Wengine walinunua, wakasikiliza, halafu wakaanza kulalamika: liko wapi gitaa la Marr? Malalamiko hayo hayajaisha mpaka leo. Kila albamu aliyotoa baada ya hapo imepimwa kwa bendi iliyokufa mwaka 1987.

Sasa hebu tuwatendee haki hao wanaolalamika, maana ni rahisi kuwacheka. Wana hoja. Wimbo hautungwi na sauti peke yake. Marr alikuwa na namna ya kufuma nyuzi kadhaa za gitaa pamoja hadi maneno ya huzuni yanasimama juu ya muziki wa furaha, na huo mvutano ndio uliokuwa utamu wenyewe. Kuondoa mmoja ni kuondoa mvutano. Shabiki anayesema "hii mpya haifiki kule" anaweza kuwa anasema kweli tupu kuhusu muziki. Mimi mwenyewe naona albamu zake kadhaa za miaka ya tisini zina nyimbo ambazo zingebaki droo bila hasara yoyote. Kusema hivyo si dhambi. Masikio tumepewa tuyatumie.

Tatizo linaanza pale hukumu ya masikio inapogeuka kuwa hukumu ya moyo wa mtu. "Haifiki kule" inakuwa "ametusaliti". Ukisema amekusaliti, unadai palikuwa na agano kati yenu. Lilikuwa agano gani? Aliliweka lini?

Nikupeleke Wolverhampton. Tarehe 22 Desemba 1988 Morrissey alifanya tamasha lake la kwanza bila The Smiths, kwenye ukumbi wa Civic Hall katika mji huo. Kiingilio kilikuwa bure, kwa sharti moja tu: uwe umevaa fulana ya The Smiths au ya Morrissey. Watu walipanga foleni kwenye baridi ya Desemba ya Uingereza, na si mzaha baridi ile. Jukwaani nyuma yake walisimama watu watatu waliowahi kupiga na The Smiths: Rourke, Joyce, na Craig Gannon aliyekuwa gitaa la pili kwa muda mwaka 1986. Aliyekosekana ni Marr. Filamu ya usiku ule ipo. Utaona vijana wanapanda jukwaani mmoja baada ya mwingine, wanamkumbatia, wanashushwa, wanapanda tena. Mwimbaji anaimba huku mtu amemning'inia shingoni.

Niliitazama filamu ile nikajiuliza wanamkumbatia nani. Fulana walizovaa nyingi ni za bendi iliyokufa. Sharti la mlangoni liliwapa ruhusa kuchagua, ya zamani au ya mpya, kana kwamba ni kitu kimoja. Na pengine ndivyo walivyotaka iwe.

Usiku ule aliimba wimbo uitwao Disappointed, yaani aliyevunjika moyo, ambao ulikuwa umetoka mwaka huo huo upande wa pili wa santuri yake moja. Mwishoni mwa wimbo huo ulivyorekodiwa kuna utani ambao nadhani hakuna mwanafalsafa aliyeusema vizuri zaidi. Mwimbaji anatangaza kwamba huu ndio wimbo wake wa mwisho maishani. Unasikia umati unashangilia! Kisha anasema amebadili mawazo. Umati unaguna kwa masikitiko. Yeye anawaaga na kushukuru.

Ni mzaha, ndiyo, na amejicheka mwenyewe. Lakini angalia alichokiona. Alijua kwamba kati ya wale wanaomkumbatia wapo ambao wangefurahi zaidi kama angenyamaza, ili yule wa zamani abaki bila doa. Msanii aliyenyamaza hawezi kukukosea. Mtu aliye hai kila siku anakuja na kitu kipya, na kitu kipya kina hatari.

Neno la Kiingereza ambalo sisi tunalitafsiri "shabiki" linasemekana ni kifupi cha neno lenye asili ya Kilatini, fanum, yaani hekalu. Mtu wa hekaluni aliyepandwa na wazimu wa mungu wake. Kwa hiyo tangu kwenye mzizi wa neno kuna madhabahu na kuna kitu juu yake. Na kilicho juu ya madhabahu hakiruhusiwi kutembea.

Kuna mtu aliyelifikiria jambo hili miaka mia kumi na sita iliyopita, na ni mtu tunayemfahamu. Mtakatifu Augustino, alipokuwa na umri wa miaka 26 au 27 hivi, bado hajaongoka, akifundisha ufasaha wa kusema kule Kartago, Afrika ya Kaskazini, aliandika vitabu kuhusu uzuri. Akavitoa kwa heshima ya mtu mmoja aitwaye Hierius, msemaji mashuhuri wa Roma aliyezaliwa Siria. Hakuwahi kumwona uso! Alimpenda kwa sifa tu, kwa sababu watu walimsifu, na kwa maneno yake machache aliyoyasikia yakampendeza. Ukisoma kitabu cha nne cha Maungamo utamkuta Augustino mtu mzima anamchunguza Augustino kijana kama daktari: hivi nilimpenda kwa nini? Anakiri kwamba kama watu wale wale wangeyasimulia mambo yale yale kwa dharau badala ya sifa, asingewaka vile. Hierius asingebadilika hata kidogo. Midomo ya watu tu ndiyo ingebadilika.

Jamani, mtu huyu aliandika karne nyingi kabla ya simu, na amewaelezea watu wanaopenda wimbo saa nne asubuhi na kuuchukia saa sita mchana baada ya kuona wengine wanaucheka.

Lakini kilichonishika zaidi kiko mistari michache kutoka hapo. Augustino anajilinganisha na waigizaji wa michezo. Anasema yeye aliwapenda na kuwasifu waigizaji, ila asingependa yeye mwenyewe apendwe vile wanavyopendwa wao. Angeona heri afichike, heri hata achukiwe, kuliko kupendwa kwa namna ile. Halafu anashangaa: inakuwaje ninampenda mwanadamu mwenzangu kwa namna ambayo ningeikataa kama ningetendewa mimi? Farasi mzuri unaweza kumpenda bila kutaka kuwa farasi. Mwigizaji ni mtu kama wewe.

Basi hilo ndilo swali ninalotaka ulibebe. Chukua kile unachomtaka mwimbaji wako, kisha ujiweke mahali pake. Ungependa kupendwa na watu wanaokutaka ubaki na miaka 25 daima? Watu wanaoshikilia picha yako ya kidato cha nne na kukuambia kila uendako kwamba ile ndiyo ilikuwa wewe halisi, haya mengine ni upungufu? Wengine mnaishi hivyo tayari nyumbani kwenu. Mna shangazi ambaye mpaka leo hawezi kusikia kwamba umeacha kuwa yule mtoto mpole asiyejibu. Anakupenda, hakuna ubishi, lakini ukikaa naye saa mbili unakosa hewa.

Mashabiki wa The Smiths walitaka bendi irudi, na wengine bado wanataka, ingawa Andy Rourke alifariki mwaka 2023. Mwaka 1996 Mike Joyce aliwapeleka Morrissey na Marr Mahakama Kuu kule London akidai robo ya mapato ya bendi, na akashinda. Fikiria sasa. Watu wameshtakiana, wamesikilizana mbele ya jaji wakielezana mambo ya pesa na ya nani alifanya nini, halafu miaka yote iliyofuata umati unawaambia: rudini tu jukwaani pamoja, kwa ajili yetu. Sisemi mapatano hayawezekani, maana ugomvi mkubwa kuliko huo umewahi kumalizika. Nasema aliyekuwa akiomba mapatano hakujali kama hawa watu wamepatana. Alitaka ule mlio wa gitaa.

Utaniambia: sisi tunalipa! Tunanunua tiketi, tunanunua nyimbo, kwa nini tusidai? Sawa. Aliyenunua sahani ya wali ana haki ya kulalamika ukiwa mbichi. Dai la mnunuzi lipo, ila linaishia kwenye bei ya kitu chenyewe. Ukilipa kiingilio ukaimbiwa vibaya, au msanii asitokee kabisa, lalamika. Ila kiingilio hakikununulii mtu, wala hakikupi kura ya kuamua aandike nini mwaka kesho. Na kile hasa unachomdai, ile siku uliyojiona umetambuliwa, hakikuwa kwenye bei. Ulipata zaidi ya ulicholipa. Mtu hawezi kudaiwa zawadi aliyokwisha kuitoa.

Wapo waliompokea tofauti. Kule Los Angeles, ambako Morrissey aliishi kwa miaka kadhaa, alipata mashabiki wengi sana miongoni mwa vijana wenye asili ya Meksiko, hata ikatengenezwa filamu ya hali halisi juu yao mwaka 2004. Kwa wengi wao The Smiths ilikuwa imeshakwisha walipoanza kumsikiliza. Nyimbo za peke yake zilikuwa nyimbo za mtu hai anayekuja mjini kwao. Mwaka huo huo wa 2004 alitoa You Are the Quarry baada ya miaka saba bila albamu, na ndani yake mna wimbo kuhusu kijana wa genge wa Los Angeles mwenye jina la Kihispania, na mwingine kuhusu kuwa na damu ya Ayalandi na moyo wa Uingereza. Mtoto wa wahamiaji anawaimbia watoto wa wahamiaji. Hawakuwa na mizani ya zamani mkononi. Walichopewa walikipokea kama kilivyo, na nadhani hao walimsikia vizuri kuliko mabingwa wa kulinganisha.

Ningeweza kuishia hapa ikawa makala nyepesi: jamani, mwacheni mtu akue. Lakini kisa hiki kina upande mwingine, na nisipouandika nitakuwa nimewadanganya.

Mwezi Mei 2019, akitangaza albamu yake California Son, Morrissey alitokea kwenye kipindi kikubwa cha televisheni New York akiwa na beji ya For Britain, chama kidogo cha Uingereza kilichojulikana kwa kuupinga Uislamu. Na haikuwa mara ya kwanza kauli zake kuhusu wahamiaji kuwaumiza watu. Hata kwenye Viva Hate, mwaka 1988, kuna wimbo juu ya mhamiaji wa Kibengali anayejitahidi kufanana na wenyeji, ambao wengine waliusikia kama huruma na wengine kama mlango unaofungwa usoni. Yeye amekanusha kuwa mbaguzi. Lakini safari hii duka la santuri la Spillers kule Cardiff, linalojulikana kama la zamani kuliko yote duniani, lilifungua mwaka 1894, liliacha kuuza kazi zake. Kampuni ya treni ya Merseyrail kule Liverpool ikabandua mabango ya albamu hiyo baada ya abiria kulalamika.

Mfikirie sasa yule shabiki wa Los Angeles, mama yake alivuka mpaka. Mfikirie Mwislamu wa Bradford aliyekuwa amejifungia chumbani mwaka 1986 na kanda ya The Smiths. Yule aliyemwambia "nakuona" sasa amevaa kwenye koti lake nembo ya watu wasiotaka kumwona. Maumivu hayo nayo yanaitwa kuvunjika moyo kwa shabiki, na yanatoka kwenye jeraha lile lile la kutambuliwa. Lakini ni kitu kingine kabisa. Anayelia "gitaa la Marr liko wapi" amenyimwa ladha. Huyu amedhulumiwa heshima yake kama mtu, na hata kama asingekuwa shabiki angekuwa na haki ya kusema hapana.

Kinachoniudhi ni kwamba hizi mbili zinachanganywa, na mara nyingi zinachanganywa makusudi. Utamsikia mtu ambaye hakupenda nyimbo mpya kwa sababu tu hazikumkumbusha ujana wake, ameikuta ile beji na kuinyakua kwa furaha: mnaona, mimi niliwaambia tangu 1988! Kwa furaha, ndugu yangu. Kosa la mwingine limekuwa ushahidi wa masikio yake. Na upande wa pili yupo anayetetea kila neno la mwimbaji kwa kuwa nyimbo zilimwokoa siku fulani, kana kwamba ukweli ni deni la shukrani. Hao wawili wanagombana usiku kucha, na mama aliyevuka mpaka hayumo katika mazungumzo ya yeyote kati yao.

Aristoteli, katika kitabu cha tisa cha Maadili ya Nikomako, ambacho Mtakatifu Thomas wa Akwino alikiandikia ufafanuzi, anauliza swali hili karibu vile vile. Ulimpenda mtu ukidhani ni mwema. Amekuwa mbaya, au unaona hivyo. Je, umwache papo hapo? Anajibu kwamba kama anaweza kurekebika, ni wajibu wako kumsaidia, na msaada wa tabia unamfaa rafiki kuliko msaada wa mali. Kama haiwezekani, ukimwacha hutakuwa umefanya jambo la ajabu, maana huyo siye uliyefanya naye urafiki. Lakini haishii hapo. Anauliza pia kama umtendee kama mtu ambaye hamkuwahi kujuana. Hapana, anasema, kuna kitu unadaiwa kwa ajili ya yale mliyokuwa nayo, isipokuwa uovu uwe umezidi mno.

Utasema shabiki si rafiki, Morrissey hajui hata kama upo. Kweli, na ndiyo maana kumsaidia kurekebika huwezi. Barua yako haitafika, na ukimwandikia matusi mtandaoni hujamrekebisha mtu. Kilichobaki mikononi mwako ni vitu viwili: kinachofuata na kilichopita. Kinachofuata ni tiketi na albamu mpya, na hapo naona dhamiri yako iko huru, na ukikaa nyumbani kwa sababu unamheshimu jirani yako aliyetukanwa, umefanya vizuri. Huhitaji kutangaza. Wengine wataenda tamashani, na sidhani kila aliyekwenda amekubali ile beji.

Kilichopita ni kigumu zaidi. Zile nyimbo za zamani uzifanye nini? Mwaka huo huo wa 2019 mwanamuziki wa Australia, Nick Cave, aliulizwa na mashabiki kuhusu jambo hili la Morrissey. Alijibu kwamba wimbo ukishatolewa unaacha kuwa wake aliyeutunga, unakuwa wa wale wanaoupokea, na kwamba uzuri wa wimbo hautegemei tena mwenendo wa mtunzi bali unavyotunzwa na msikilizaji. Nakubaliana naye nusu. Ni kweli kwamba ule usiku wako wa chumbani hauwezi kuondolewa na beji iliyovaliwa miaka thelathini baadaye. Lilitokea, lilikufaa. Lakini nusu nyingine naiona kama njia ya mkato. Wimbo wa kufarijiwa una mdomo uliouimba. Wapo watakaousikia tena bila shida, na wapo ambao kila wakijaribu wanaiona ile nembo, basi. Huyu wa pili usimwambie ana moyo mgumu, eti ajifunze kutenganisha kazi na mtu. Mwache azime. Pengine miaka kumi ijayo atawasha tena, pengine hatawasha.

Na kama wewe ndiye unayeanza kumsikiliza leo, bila habari zote hizi, na umeupenda wimbo? Hakuna anayekudai uombe radhi kwa kuupenda. Soma tu habari zake pia, usijifanye hujui.

Vile vitabu vya Augustino kuhusu uzuri, alivyomtolea Hierius, vilipotea. Anasema mwenyewe kwamba hana tena, hajui vilipotelea wapi, na haonyeshi kuvisikitikia. Cha kushangaza ni kwamba hakulifuta jina la Hierius. Angeweza kumwita "mtu mmoja wa Roma" tukaelewa. Alilitaja, bila kumtukana na bila kumpamba, mtu ambaye hakuwahi kumwona na ambaye kwa muda fulani wa ujana wake alikuwa mkubwa kuliko kila mtu.

Johnny Marr naye baada ya muda mrefu alitoa albamu ya kwanza kwa jina lake peke yake, The Messenger, mwaka 2013. Kwenye matamasha yake hupiga nyimbo zake mpya, na katikati huingiza chache za The Smiths, akiziimba mwenyewe. Sauti yake haifanani kabisa na ile ya zamani. Watu huimba naye hata hivyo, wengine wakiwa na watoto wao pembeni, fulana zimewabana.